Barua, Mnara na Kanda: Ugomvi wa Ardhi na Sauti ya Umma Jijini Nairobi, 1983–1992

Mwaka 1983 serikali ya Kenya ililivunja Baraza la Jiji la Nairobi na kuikabidhi kazi yake Tume ya watu walioteuliwa. Hatua hiyo, iliyoelezwa kuwa ya muda, ilidumu hadi mwaka 1992. Kwa karibu miaka kumi, basi, mji mkuu wa nchi haukuwa na diwani hata mmoja aliyechaguliwa na wakazi wake. Wanahistoria wamelichukulia jambo hili kuwa suala la utawala tu. Mhakiki wa fasihi naye ana sababu ya kulitazama upya, kwa kuwa baraza, kabla ya kuwa ofisi, ni mahali pa kusemea. Na mahali pa kusemea panapofungwa, maneno hutafuta utanzu mwingine wa kupitia. Inafaa kudokeza hapa kwamba wachuuzi wa barabarani waliendelea kuwaita askari wa jiji “kanjo” hata baada ya baraza lenyewe, lililozaa neno hilo, kuondolewa. Kilichobakia cha baraza midomoni mwa watu ni rungu lake.

Katika kipindi hicho ilizuka migogoro miwili ya ardhi ambayo ni nadra kujadiliwa pamoja: ule wa bustani ya Uhuru Park mwaka 1989, na ule wa kitongoji cha Muoroto mwaka 1990. Wa kwanza umeandikiwa mengi. Wa pili hutajwa kwa sentensi moja au mbili. Tofauti hii haikutokana na uzito wa matukio yenyewe. Ilitokana na tanzu na lugha zilizotumiwa kuyasema.

Kampuni ya gazeti la Kenya Times, lililokuwa mali ya chama tawala cha KANU, ikishirikiana na mfanyabiashara wa Uingereza Robert Maxwell, ilinuia kujenga katika Uhuru Park jumba la ghorofa 60, pamoja na sanamu kubwa ya Rais Daniel arap Moi. Gharama yake ilikadiriwa kuwa dola milioni 200 hivi. Jumba hili lastahili kusomwa kama matini. Jumba la mikutano la KICC, lililokamilika mwaka 1973, lilikwisha kuwa na sanamu ya Jomo Kenyatta ameketi uani. Mnara mpya ungelipita jumba hilo kwa kimo zaidi ya mara mbili, na sanamu yake ingemjibu Kenyatta kwa lugha ileile ya mawe. Ulikuwa ni utendi wa sifa uliokosa mshairi, ukatungwa kwa saruji ya mkopo.

Profesa Wangari Maathai, kiongozi wa Green Belt Movement, aliupinga mradi huo kwa barua. Aliuandikia uongozi wa gazeti lenyewe, Ofisi ya Rais, mashirika ya Umoja wa Mataifa na balozi wa Uingereza. Utanzu huu haukuchaguliwa kwa bahati. Barua humlazimisha mpokeaji kuwa mtu mmoja mwenye jina, na ukimya wake huwa ni jibu linaloweza kuchapishwa. Hoja yake iliyopenya zaidi ilikuwa ya kulinganisha: je, Waingereza wangekubali jumba kama hilo lisimamishwe katika Hyde Park? Hoja hiyo iliandikwa kwa Kiingereza, ikakusudiwa hadhira inayoijua Hyde Park kwa miguu yake. Mama anayeuza mboga Gikomba hakuwamo katika hadhira hiyo, ingawa bustani ilikuwa yake pia, na Jumapili alipumzika humo pamoja na wanawe.

Majibu yalitoka katika utanzu mwingine kabisa. Mwezi Novemba 1989 wabunge waliacha shughuli nyingine wakamshambulia Maathai, wakaidharau taasisi yake na kuwakejeli wanachama wake kwa kuwa baadhi yao walikuwa wametalikiwa. Tarehe 12 Desemba, katika sherehe za Jamhuri zilizofanyiwa papo hapo Uhuru Park, Rais alimkumbusha kwamba mwanamke wa Kiafrika hutakiwa kuwaheshimu wanaume na kunyamaza. Wapinzani wa mnara walielezwa kuwa na wadudu vichwani. Msemo huu ni muhimu kwa msomaji wa Kiswahili. Barua za upinzani zilikuwa za Kiingereza sanifu, zenye takwimu na vifungu vya sheria. Ilhali Kiswahili cha jukwaani, lugha inayodaiwa kuwa ya umma, kilikuwa mikononi mwa dola, kikitumiwa kwa mzaha, matusi na amri. Wanaosifu mchango wa Kiswahili katika kuliunganisha taifa hawana budi kuukabili ukweli huo. Katika mwaka wa 1989 lugha ya taifa ilisikika zaidi ikimtetea mwenye mnara.

Mahakama Kuu iliitupilia mbali kesi ya Maathai mwezi Desemba, na Green Belt Movement ikafukuzwa katika ofisi yake. Hata hivyo barua zilikuwa zimekwisha kufika. Wafadhili wa ng'ambo walionyesha kusita, mradi ukapunguzwa, kisha ukafifia. Maxwell alifariki mwezi Novemba 1991, na ua uliozungushiwa bustani ukang'olewa mapema mwaka 1992. Bustani ilipona.

Muoroto haikupona. Kitongoji hiki cha vibanda, karibu na kituo cha mabasi ya mashambani, kilivamiwa na askari wa Tume ya Jiji mwezi Mei 1990. Wakazi na wachuuzi walipigana nao kwa mawe. Kulikuwa na taarifa za watu kufa, serikali ikakanusha. Tume haikuwa na diwani wa kuulizwa, Muoroto haikuwa na profesa, na hakuna balozi ambaye angeulizwa iwapo kwao kuna kitongoji kama hicho.

Badala ya barua ulikuja wimbo. Katika majuma yaliyofuata, kanda zenye nyimbo za Kikuyu kuhusu bomoabomoa hiyo na kuhusu hali ya siasa kwa jumla zilienea mjini, zikichuuzwa vijiani na kuchezwa ndani ya matatu. Msingi wa biashara hiyo ulikuwapo zamani: mtaa wa River Road ulikuwa kitovu cha muziki wa lugha za kienyeji, na Joseph Kamaru alikuwa amekwisha kuonyesha katika miaka ya 1970 jinsi wimbo unavyoweza kulibeba jambo ambalo redio ya serikali haithubutu kuligusa. Kanda ilikuwa na sifa ambazo kitabu kilizikosa. Ilinakiliwa kwa bei ndogo, haikumtaka msikilizaji ajue kusoma, na abiria wa matatu aliisikiliza bila kuulizwa hiari yake. Matatu ikawa ukumbi unaotembea, nao utingo akawa ndiye mpangaji wa programu. Serikali ilitambua nguvu hiyo upesi kuliko wahakiki wa vyuo vikuu: polisi waliwakamata wauzaji na kuzitwaa kanda hizo kwa madai ya uchochezi.

Lakini sharti isemwe wazi pia kwamba wimbo haukurudisha hata kibanda kimoja. Lugha yake ilikuwa nguvu yake na mpaka wake. Kikuyu kiliwafikia wengi waliobomolewa na jamaa zao hadi Murang'a na Nyeri. Hakikumfikia Mluhya wa Kangemi wala Mkamba wa Mukuru kwa kiasi hichohicho, na kiliwapa watawala nafasi ya kuyaita madai ya makazi kuwa manung'uniko ya kabila moja. Barua iliruka juu ya vichwa vya majirani ikatua London. Wimbo ulipita miongoni mwa majirani, ila si wote. Nafasi ya katikati, iliyopaswa kushikwa na Kiswahili cha watu wa kawaida, ilikuwa karibu tupu.

Nafasi hiyo ilianza kujazwa miaka michache baadaye, na waliojaza hawakuwa wanafasihi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kundi la Kalamashaka kutoka Dandora lilifoka kwa Kiswahili na Sheng kuhusu maisha ya mtaa uliopata umaarufu kwa jaa la taka la jiji zima. Mwaka 2002 neno lenye mzizi wa Kijaluo na viambishi vya Kiingereza, “Unbwogable” la Gidi Gidi Maji Maji, likawa wito wa muungano wa upinzani ulioiondoa KANU madarakani. Wasafishaji wa lugha walilalamika. Malalamiko yao yangekuwa na uzito zaidi laiti Kiswahili safi kingejitokeza Muoroto.

Tukio moja la mwaka 1992 halitoshei katika mgawanyo huu wa barua na wimbo. Mwishoni mwa Februari akina mama wa wafungwa wa kisiasa walianza kususia chakula katika pembe moja ya Uhuru Park, bustani ileile iliyookolewa kwa barua. Wengi walikuwa wazee kutoka mashambani. Waliimba, wakasali, wakasimulia. Polisi walipowavamia tarehe 3 Machi, baadhi yao walivua nguo mbele ya askari walio rika la wana wao. Laana hiyo haikuhitaji mkalimani. Maathai alipigwa siku hiyo hadi akapoteza fahamu, nao mgomo ukahamia kanisa la All Saints na kuendelea kwa miezi mingi.

Mwaka 2020 baadhi ya kazi za serikali ya kaunti ya Nairobi zilikabidhiwa tena chombo kisichochaguliwa, safari hii chini ya jenerali wa jeshi. Mpango wa awali wa barabara ya juu kwa juu ulikuwa umetishia kuimega Uhuru Park. Kelele zilipigwa mwaka 2019, nyingi kwa Kiingereza, na serikali ikaahidi kutoigusa bustani. Mwishoni mwa mwaka 2021, matingatinga yalibomoa maelfu ya nyumba Mukuru kwa Njenga kupisha barabara nyingine.