Homa, Damu na Posa za Pemba

Kisiwa cha Pemba, ambacho Waarabu walikiita al-Jazira al-Khadra kwa ukijani wake, hakikupungukiwa na mvua wala mabonde ya mpunga, na penye maji yaliyotuama mbu hapati shida ya makazi; ndiyo maana homa ya malaria ilikaa humo karne nyingi, ikichukua watoto wachanga, na katika damu ya waliosalimika ikaacha urithi wa ajabu, nao ni chembe ya urithi iletayo ugonjwa wa siko seli.

Wazee, walipomwona mtoto mwenye dalili za ugonjwa huo, yaani macho ya manjano, vidole vilivyovimba na mifupa iumayo pasipo jeraha, aghalabu walisema ni chango la mama, au husuda, au mkono wa wachawi, na kwa sifa ya uchawi Pemba imejulikana pwani nzima. Baadaye wasomi wakaishika ndoa ya mtoto wa ami kuwa chanzo. Nionavyo, wasomi hao walimshika shahidi wakamwacha mtuhumiwa.

Mwaka 1954 Anthony Allison, tabibu aliyekulia Kenya, alibainisha kwamba mwenye kurithi chembe ya siko seli kwa mzazi mmoja hukingika na malaria kali, ilhali aliyeirithi kwa wote wawili huugua. Basi homa yenyewe ndiyo iliyoihifadhi. Wachukuzi wawili wa chembe hiyo wakioana, wawe watoto wa ndugu, au mmoja wa Wete na mwenziwe wa Mkoani wasiojuana hata kwa jina, kila mimba ina fungu 1 katika 4 la mtoto mgonjwa, na kete hutupwa upya kila mara, hata mama aliyekwisha zika mmoja hana dhamana ya watatu wajao. Undugu huzidisha hatari, sikatai: katika kila watoto 100 duniani, 2 au 3 huzaliwa na kasoro kubwa, na kwa watoto wa ami huongezeka 2 au 3 hivi, ila uzito wake hasa ni katika maradhi adimu, si katika chembe iliyoenea kisiwa kizima.

Karafuu nazo zina sehemu yake katika kuieneza chembe hiyo. Tufani ya 1872 ilipoiangamiza mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba, mashamba yakazidi kuwakutanisha watumwa wa bara na mabwana wa Oman, damu zikachanganyika, na hata leo sehemu ya siko seli ya Oman ina asili ya Afrika.

Malaria ilipigwa vita Zanzibar kabla ya 1968, ikarudi, kisha kwa dawa mpya, vyandarua na upuliziaji wa majumba baada ya 2003 ikashuka mno. Chembe haikuondoka nayo, kwani hupungua polepole, kizazi kwa kizazi; ila mtoto mgonjwa, ambaye malaria humdhuru vibaya sana, naye alinufaika.