Kama Mapatano ya Tanga Yangeheshimiwa



Wapendwa waamini, kila tarehe 2 Novemba Mama Kanisa hutualika kuwaombea marehemu wote. Sisi tunaoishi Moa na pwani hii ya Tanga tunayo sababu ya pekee ya kuikumbuka tarehe hiyo. Ndiyo siku ambayo, mwaka 1914, manowari ya Kiingereza iitwayo Fox ilifika Tanga, na nahodha wake akawatangazia Wajerumani kwamba mapatano ya kutoshambuliana yamekwisha.

Mapatano gani? Mkataba Mkuu wa Berlin wa mwaka 1885 ulifungua njia ya kuyaepusha makoloni ya eneo hili na vita vya Ulaya. Agosti 1914 Ubelgiji iliomba Kongo iachwe nje ya vita. Gavana Heinrich Schnee naye alitamani amani katika koloni lake, na wakuu wa manowari za Kiingereza wakakubaliana na Wajerumani kuhusu Dar es Salaam na Tanga. London ikayakataa mapatano hayo. Wala Wajerumani hawakuwa na mikono safi: mwezi huohuo waliiteka Taveta na kushambulia Lukuga, upande wa Kongo. Ubelgiji ikaingia vitani.

Tujiulize basi: ingekuwaje kama wakubwa wangechagua njia nyingine?

Njia moja ilikuwa washirika kushambulia kwa pamoja tangu mwanzo. Badala yake Waingereza walileta Tanga, peke yao, askari wapatao 8,000 kutoka India. Lile tangazo la nahodha lilimpa Paul von Lettow-Vorbeck nafasi ya kuleta vikosi vyake kwa reli kutoka Moshi, na watu wake wapatao 1,000 wakashinda. Januari 1915 akashinda tena Jasini, jirani zetu hapa mpakani, lakini kwa hasara kubwa ya maofisa na risasi kiasi kwamba tangu hapo alikwepa mapambano makubwa na kupigana kwa kuvizia. Waingereza na Wabelgiji walikuja kusonga mbele kwa pamoja mwaka 1916, na hata hapo walitiliana shaka juu ya nani ataishika Tabora. Huenda umoja wa mapema ungefupisha vita. Badala yake, Lettow-Vorbeck alisalimu amri tarehe 25 Novemba 1918, majuma mawili baada ya Ulaya kunyamaza.

Njia ya pili ilikuwa kuyaheshimu mapatano. Tusijidanganye: ukoloni ungebaki, na majeraha ya Maji Maji yalikuwa bado mabichi. Ushindi wa Ulaya nao ungeamuliwa kulekule Ulaya. Lakini hapo ndipo uchungu ulipo: kilichopiganiwa hapa hakikuhitajika hata na waliokipigania. Wahenga walisema wapiganapo tembo nyasi huumia. Hapa nyasi zilibebeshwa na mizigo ya tembo. Wapagazi wa pande zote walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa njaa, kuhara na uchovu kuliko kwa risasi. Ugogo ilipata njaa ya Mtunya, kwa kuwa chakula na mifugo vilichukuliwa na majeshi. Jina la Kariakoo, tunalolitaja kila siku tukienda sokoni Dar es Salaam, ni kumbukumbu ya kikosi cha wapagazi hao.

Mwaka 1917 Baba Mtakatifu Benedikto wa Kumi na Tano aliwasihi wakuu wa mataifa wapatane. Hawakumsikiliza. Nasi tunajifunza kwamba ahadi ya amani, hata ikiwa dhaifu, huokoa watu ambao hawakuwapo mezani ilipotiwa saini. Ndivyo ilivyo pia katika ugomvi wa mashamba, wa ndoa na wa jumuiya zetu: wanaoumia kwanza ni wale wasioulizwa.

Wazungu waliokufa Tanga walichongewa majina kwenye mawe. Wapagazi wengi hawana kaburi lijulikanalo. Novemba hii, tunapoandika majina ya marehemu wetu, tuongeze mstari mmoja kwa ajili yao.