Tamoksifeni na maudhi yake: kutoka Manchester hadi Kagondo

Tamoksifeni, dawa inayozuia homoni ya estrojeni isilishe saratani ya matiti, haikuundwa kwa ajili ya saratani. Mkemia Dora Richardson aliitengeneza mwaka 1962 katika maabara za kampuni ya ICI huko Cheshire, Uingereza, wakati wenzake wakitafuta kidonge cha kuzuia mimba. Kwa kazi hiyo ilishindwa, kwani kwa baadhi ya wanawake ilipevusha mayai badala ya kuyazuia. Lakini tangu mwaka 1896, George Beatson wa Glasgow aliporipoti kwamba uvimbe wa titi ulinywea baada ya kuondoa ovari, madaktari walijua kwamba saratani hii inaweza kutegemea homoni. Mwaka 1971 Mary Cole na wenzake wa hospitali ya Christie, Manchester, walichapisha matokeo ya kwanza ya dawa hiyo kwa wagonjwa ambao ugonjwa ulikuwa umesambaa.

Wagonjwa hao walikuwa wakitibiwa kwa homoni nzito zilizowatapisha na kuwavimbisha miguu. Ikilinganishwa nazo, tamoksifeni ilionekana dawa nyepesi, na sifa hiyo ilishikamana nayo kwa miaka mingi. Ilipoanza kupewa wanawake waliokwisha kufanyiwa upasuaji, ili ugonjwa usirudi, hesabu ilibadilika. Kidonge cha miligramu 20 kilimezwa kila siku kwa miaka 5, na baada ya jaribio la ATLAS la mwaka 2012, hata miaka 10. Joto la ghafla linalopanda kifuani hadi usoni, jasho la usiku, ukavu ukeni, huzuni na uchovu si mambo madogo kwa mtu anayelima, anayelea na anayeishi nayo muongo mzima. Wanawake wengi waliacha dawa kimya kimya kwa sababu hakuna aliyewauliza.

Hatari kubwa zaidi, ingawa adimu, zilijulikana taratibu: damu kuganda kwenye mishipa, na saratani ya mji wa mimba, ambayo watafiti wa Sweden waliiripoti mwaka 1989. Miaka ya 1990 zikaja dawa kama anastrozoli kwa waliokoma hedhi. Hizi haziongezi hatari hizo mbili, lakini huumiza maungio na kudhoofisha mifupa.

Maudhi na hatari hizi humfuata mgonjwa hadi Kagondo, mkoani Kagera, jina linalobebwa na kata ya Manispaa ya Bukoba na nyingine ya Wilaya ya Muleba, yenye hospitali ya Jimbo Katoliki la Bukoba. Tiba ya saratani hasa iko mbali: Bugando, Mwanza, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971, au Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, iliyoundwa kisheria mwaka 1996 katika majengo ya hospitali ya Wajerumani. Safari ya basi kwenda Dar es Salaam ina zaidi ya kilomita 1,300, na kukaa muda mrefu huongeza hatari ya damu kuganda. Anayemeza tamoksifeni anatakiwa kushuka na kutembea basi linaposimama, na kuwahi hospitali kigimbi kimoja kikivimba na kuuma au pumzi ikikatika ghafla. Damu ikitoka ukeni baada ya hedhi kukoma, nayo haisubiri kliniki ijayo.

Kagera ina uzoefu wake wa vidonge vya kila siku. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waliripotiwa mkoani humo mwaka 1983, na dawa za kupunguza makali zilipoanza kutolewa bure kitaifa mwaka 2004, familia zilijifunza kukumbushana dozi. Uzoefu huo unafaa hapa, pamoja na tahadhari moja: rifampisini ya kifua kikuu hupunguza sana kiasi cha tamoksifeni mwilini, na baadhi ya dawa za sonona, kama fluoksetini, huidhoofisha. Kila daktari aambiwe dawa zote, za miti shamba zikiwemo.

Kwa joto la usiku, kanga ya pamba badala ya blanketi zito, maji baridi kando ya kitanda, na kupunguza rubisi (pombe ya ndizi) na kahawa jioni huwasaidia wengi. Wakizidiwa, daktari anaweza kuandika venlafaksini, ambayo utafiti wa Marekani wa mwaka 2000 ulionyesha hupunguza joto hilo. Kwa maungio, kutembea kila siku hufaa kuliko kulala. Kwa mifupa, dagaa wa Ziwa Viktoria, wanaoliwa wazima pamoja na miiba, ni chanzo kizuri cha kalisi.

Waliougua wakiwa vijana wana swali la mtoto, na ni swali zito katika ndoa nyingi. Tamoksifeni huweza kumdhuru aliye tumboni, hivyo kinga ya mimba isiyo na homoni ni lazima. Jaribio la POSITIVE, lililochapishwa mwaka 2023, lilihusisha wanawake wasiozidi miaka 42 waliokuwa wamemeza dawa za homoni kwa miezi 18 hadi 30, wakasimama kwa hadi miaka 2 ili wazae. Katika muda mfupi waliofuatiliwa, saratani haikurudi kwao zaidi ya ilivyotarajiwa. Walisubiri miezi 3 dawa iishe mwilini kabla ya kutafuta mimba, na walishauriwa kuirudia baadaye.