Maziwa na Vumbi la Breki

Lori la shaba lilipokuwa likishuka mlima wa Kitonga, watu wa Mahenge chini yake walilijua kwa harufu. Breki zilizoungua zina harufu yake, kali na chungu, inayokwama kooni, na mara nyingi upepo uliileta bondeni kabla injini haijasikika. Ilikuwa miaka ile baada ya Novemba 1965, waziri mkuu Ian Smith alipojitangazia uhuru wake kule Rhodesia, Zimbabwe ya leo, na Zambia, iliyokuwa ikipitisha mizigo yake huko, ikalazimika kutafuta njia nyingine ya kupitishia shaba na mafuta. Njia yenyewe ilikuwa hii ya Dar es Salaam, vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika, na wageni wakaipa jina la Barabara ya Jehanamu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 lami ikakamilika. Tope likaisha, mlima ukabaki palepale, na mlima ndio uliotulisha sisi mafundi wa breki wa Iringa.

Siku hizi nikipita sehemu za kuoshea magari nawaona vijana wamechuchumaa mbele ya ringi, wanasugua masizi meusi kwa mswaki wa zamani. Wanadhani ni uchafu wa barabarani. Sehemu kubwa ya ule weusi haitoki barabarani, inatoka ndani ya gari lenyewe. Ni breki iliyosagika. Na kizazi changu kiliujua uchafu huo ukiwa na sura nyingine, kabla haujawa suala la urembo.

Malori yale yalikuwa na breki za dramu. Ndani ya dramu mna breki shuu mbili zilizovishwa lainingi; dereva akikanyaga, shuu zinatanuka, lainingi inasuguana na chuma, mwendo unageuka joto na lainingi inalika. Dramu imefungwa kama sufuria yenye mfuniko, kwa hiyo unga unaosagika hukaa humo humo ukimsubiri fundi. Gari linapigwa jeki, tairi linatoka, dramu inagongwa pembeni kwa nyundo hadi iachie. Ikiachia, unga wa kijivu unamwagika miguuni. Kilichobaki kinapulizwa kwa kompresa: fundi anageuza uso, anafumba macho, anabonyeza, na gereji nzima inapotea ndani ya wingu. Baada ya hapo lainingi iliyong'aa kwa kuungua inapigwa msasa. Kama imekwisha, ribiti za zamani zinatolewa, lainingi mpya inagongewa ribiti mpya, kisha kingo zake zinapigwa tupa ili isilie.

Kijana mwanafunzi akilalamika, "Mzee, hili vumbi linakaba," jibu lilikuwa moja katika kila gereji niliyoijua: "Kanywe maziwa." Maziwa yalikuwa dawa ya mafundi wote wa vumbi na moshi, wa breki, wa kuchomelea na wa rangi. Waajiri waungwana waliyanunua kabisa, chupa moja kwa kila fundi. Sijui nani aliyaanzisha, lakini maziwa huenda tumboni, na vumbi huenda kwenye mapafu. Njia hizo mbili zinaachana kooni.

Unga ule ulikuwa na nini? Kulijibu hilo inabidi kurudi mbali kidogo. Agosti 1888, Bertha Benz aliendesha gari la mumewe kutoka Mannheim hadi Pforzheim, Ujerumani, bila ya kumuaga mumewe. Breki za gari lile zilikuwa vipande vya mbao, na mbao zikaanza kwisha milimani. Inasimuliwa kwamba alisimama kwa fundi viatu njiani akagongewa ngozi juu ya mbao zile. Hiyo ndiyo lainingi ya kwanza inayotajwa katika historia ya magari, na wazo lake lilitoka kwa mtu aliyekuwa barabarani na mteremko mbele yake.

Mteremko ndio uliomzindua Herbert Frood pia. Huyu alikuwa Mwingereza wa Derbyshire, nchi ya vilima, na aliona jinsi mikokoteni ya farasi ilivyohangaika kushuka. Mwaka 1897 akaanzisha biashara ya lainingi, ikaja kuitwa Ferodo, jina ambalo kila fundi mkongwe wa Afrika Mashariki analijua. Mwanzo alitumia pamba iliyofumwa na kuloweshwa dawa ya kuishikamanisha. Pamba ilifaa kwa mikokoteni, lakini kwa joto la injini iliungua. Mwanzoni mwa karne ya 20 Frood akahamia kwenye asbesto, jiwe linalochambulika likawa nyuzi, linalofumwa kama pamba na lisiloshika moto. Kwa breki ilikuwa kama imeumbwa. Lainingi zilizofuata zilikuwa na asbesto karibu nusu ya uzito wake, nyingine zaidi.

Madhara yake yalijulikana mapema, na hapa ndipo hasira yangu ilipo. Nellie Kershaw alikuwa msokota nyuzi katika kiwanda cha asbesto cha Turner Brothers mjini Rochdale, Uingereza. Alifariki Machi 1924 akiwa na miaka 33, na kampuni ilikataa kuwajibika. Daktari William Cooke aliyapima mapafu yake, akaandika alichokikuta katika jarida la madaktari. Mwaka 1931 Uingereza ikatunga kanuni za kudhibiti vumbi la asbesto. Kanuni hizo zililinda watu wa viwanda vilivyotengeneza bidhaa za asbesto; fundi wa gereji aliyezikwangua bidhaa hizo hizo kwa tupa hakutajwa. Kufikia hapo Ferodo ilikwisha kuwa mali ya Turner & Newall, kundi lililozaliwa na kampuni ile ile ya Rochdale, na kundi hilo likawa na migodi ya asbesto Shabani kule Rhodesia na Havelock kule Swaziland. Jiwe lilichimbwa Afrika, likasafiri kwa meli hadi Uingereza, na lainingi zikarudi Afrika zikiwa ndani ya maboksi yasiyo na onyo.

Kisha mwaka 1960, daktari Wagner na wenzake wa Afrika Kusini wakachapisha habari za wagonjwa 33 wenye saratani ya utando wa mapafu, karibu wote wa eneo la migodi ya asbesto huko Cape. Wengine hawakuwahi kushika sururu. Waliishi tu karibu, au walicheza utotoni penye mabaki ya mgodi. Saratani hiyo hujitokeza miaka 20, 30, hata 40 na zaidi baada ya kuvuta nyuzi. Ndiyo maana hakuna aliyeihusisha na gereji. Mtu alikuwa amekwisha kustaafu, amerudi kijijini kwake Kilolo au Mufindi, na kikohozi chake kikaitwa uzee au kifua kikuu. Ovaroli alizokuwa akirudi nazo nyumbani zilikung'utwa na mkewe mlangoni kabla ya kufuliwa. Huyo naye alivuta.

Kitu kimoja wanachokikosea wengi: wanaliogopa vumbi la zamani ndani ya dramu na kuidharau lainingi mpya. Joto la breki hugeuza sehemu kubwa ya asbesto iliyosagika kuwa madini mengine. Lainingi mpya haijapita motoni, kwa hiyo msasa na tupa hutoa nyuzi zikiwa nzima. Kompresa ni mbaya. Tupa juu ya lainingi kavu ya asbesto ni mbaya zaidi.

Marekani ilitoa mwongozo kwa mafundi wa magari mwaka 1986, na kanuni zake za 1994 zikakataza kupuliza breki kwa hewa: ama uvute vumbi kwa mashine iliyofungwa yenye chujio maalumu, ama ulilowanishe kwa maji ya polepole. Uingereza ilipiga marufuku asbesto mwaka 1999, Afrika Kusini 2008. Marekani yenyewe ilingoja hadi Machi 2024 kuipiga marufuku asbesto nyeupe, ile iliyokuwa kwenye breki. Lakini zipo nchi zinazoitumia hadi leo, na lainingi za bei poa zinavuka mipaka. Boksi lisilosema mna nini ndani, lichukulie kwamba mna asbesto.

Breki za diski ndizo zilizolitoa vumbi hadharani. Jaguar yenye diski za Dunlop ilishinda mashindano ya Le Mans mwaka 1953, na baada ya hapo breki za wazi zikaenea. Huku kwetu tulizizoea kwenye Peugeot 504. Diski haina mfuniko. Inachosaga inakitupa nje moja kwa moja, juu ya ringi. Magari ya mitumba ya Japani yalipofurika miaka ya 1990 yakiwa na spoti rimu za alumini, weusi ule ukaonekana na biashara ya kuung'arisha ikazaliwa. Pedi nyingi za sasa, yaani lainingi za diski, hazina asbesto, lakini vumbi lake lina chembe za chuma, shaba na gundi iliyoungua. Chembe za chuma hutua zikiwa za moto, huganda kwenye rangi ya ringi, kisha hushika kutu na kuacha madoa ya kahawia. Ulaya imeanza kulihesabu vumbi hilo: sheria yake ya Euro 7, iliyopitishwa mwaka 2024, ndiyo ya kwanza kuweka kikomo cha vumbi la breki kwa gari.

Ringi isafishwe hivi. Iache ipoe, kwa sababu diski ya moto ikimwagiwa maji baridi inaweza kupinda. Usiipulize na usiifagie kavu. Lowanisha kwa maji yasiyo na nguvu hadi vumbi lote lishikane, ndipo sabuni laini na brashi ya nywele laini vifuate, kwa ndoo yake peke yake, isiwe ile ya kuoshea bodi. Chembe za chuma zitaikwangua rangi. Steelwaya weka mbali. Dawa ya kutoa chembe za chuma, ile inayogeuka zambarau, isuuze kabla haijakauka. Dawa ya tairi isiguse diski. Ukimaliza, endesha polepole ukikanyaga breki kidogo kidogo zikauke.

Asidi ni habari nyingine. Zipo dawa za ringi zenye asidi ya hidrofloriki. Hupenya ngozi hadi kwenye mfupa, maumivu huweza kuchelewa kwa saa kadhaa, na mtu anaweza kufa. Nimeona vijana wakishika kwa mikono mitupu asidi iliyotiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa isiyo na lebo.

Wenye gereji, fungeni mpira wa maji mahali pa kompresa mnayopulizia breki. Ovaroli zifuliwe kazini. Wenye magari, kataeni ringi zenu kuoshwa kwa dawa isiyo na lebo, na pesa mliyokuwa mumpe kijana ya maziwa, mnunulieni glovu.