Halijoto, jotoridi na joto lenyewe

Mwezi Juni au Julai, kuna asubuhi ambazo Makete, kwenye nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, huamkia umande ulioganda juu ya majani ya viazi. Redio ikitangaza siku hiyo kwamba kulikuwa na "joto la nyuzi 2", msikilizaji aliyejikunyata kando ya jiko ana haki ya kucheka. Joto gani hilo? Lakini mtangazaji naye asibebeshwe lawama zote. Kiswahili cha kila siku kina neno moja, joto, na neno hilo limetwishwa kazi mbili ambazo fizikia inazitenganisha tangu shule ya msingi.

Waundaji wa istilahi waliliona tatizo hilo, wakalipatia dawa mbili badala ya moja. Ya kwanza ni halijoto, yaani hali ya joto. Ya pili ni jotoridi, neno linalosomeka kama joto na baridi yaliyobanwa pamoja hadi baridi likapoteza silabi yake ya mwanzo. Jotoridi limezoeleka katika vitabu vya Sayansi vya Tanzania, ambako shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili. Kenya somo la Sayansi hufundishwa kwa Kiingereza, hivyo wengi huko hukutana na halijoto katika taarifa za habari na vitabu vya Kiswahili. Maneno ni mawili, dhana ni moja.

Dhana yenyewe ni hii. Joto ni nishati inayohama kutoka kwenye kitu cha moto zaidi kwenda kwenye kitu cha baridi zaidi, nayo hupimwa kwa juli. Halijoto hueleza kitu kimepata moto au baridi kiasi gani, nayo hupimwa kwa nyuzi. Ukishuka hadi kwenye chembe ndogo zinazounda kitu, halijoto inahusu wastani wa nishati mwendo wa chembe hizo. Chembe zikiwa nyingi au chache, wastani unaweza kubaki uleule. Kiasi cha joto kinachohitajika kuufikia wastani huo ndicho hubadilika.

Jikoni jambo hili linaonekana bila maabara. Chukua maji ya kikombe kimoja, robo lita, na maji ya sufuria ya lita 5, yote yakiwa na halijoto ya nyuzi 25 za Selsiasi. Yachemshe yote hadi nyuzi 100. Halijoto ya mwisho ni ileile, lakini kikombe kimekula takribani kilojuli 79 na sufuria kilojuli 1,575, mara 20 zaidi. Mkaa unalijua hilo, na mfuko wa mnunuzi pia.

Kisha linakuja jambo linalowashangaza wapishi wengi. Maharage yakishaanza kuchemka katika sufuria ya wazi, kuongeza mkaa hakuongezi halijoto hata uzi mmoja. Joto linaendelea kuingia, lakini lote linatumika kuyageuza maji kuwa mvuke: kilo moja ya maji yanayochemka huhitaji takribani kilojuli 2,260 hadi yaishe yote hewani. Moto mkali unakausha maji haraka, hauivishi maharage haraka. Mskoti Joseph Black alilichunguza jambo hili katika karne ya 18, akaliita kwa lugha yake joto lililojificha, na kazi yake ni miongoni mwa zile zilizowafanya wanasayansi waache kuchanganya joto na halijoto. Kama wasomi wa Ulaya walihitaji karne nyingi kufika hapo, mwanafunzi wa shule ya msingi anayekwama kwa wiki moja hastahili kuitwa mzembe.

Mwinuko nao una neno la kusema. Ufukweni Mombasa maji huchemka kwenye nyuzi 100. Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Na kileleni Kibo, Kilimanjaro, mita 5,895, huchemka kwenye nyuzi 81 hivi. Ndiyo maana maharage ya nyanda za juu huchelewa kuiva hata moto uwe mkali namna gani, na ndiyo maana sufuria ya presha, inayoweza kupandisha halijoto hadi nyuzi 120 hivi, inathaminiwa sana huko.

Upande wa pili wa hoja uko kwa fundi wa kuchomelea vyuma. Cheche zinazoruka kutoka kwenye chuma kinachosagwa huweza kuzidi nyuzi 1,000, lakini zikidondokea mkono mara nyingi humwasha fundi kidogo tu, kwa kuwa kila cheche ni chembe ndogo yenye joto haba. (Macho ni habari nyingine, miwani ivaliwe.) Beseni la maji ya nyuzi 60 halikaribii halijoto hiyo, lakini humbabua mtoto vibaya.

Mtanzania mmoja aliingia katika historia ya fizikia kupitia mlango huuhuu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Lushoto, aliweka maziwa ya moto ya askirimu kwenye friza bila kuyapoza, yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam: kwa nini maji ya nyuzi 100 yagande kabla ya maji ya nyuzi 35? Mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala kuhusu swali hilo. Wanasayansi bado wanabishana kama tokeo la Mpemba hutokea kweli na kwa sababu gani. Lakini ukali wa swali unaonekana pale tu maneno mawili yanapotumika: kwa kiasi kilekile cha maji, yenye halijoto kubwa zaidi yana joto jingi zaidi la kupoteza, sasa yanatanguliaje?

Basi ni istilahi ipi ishike? Jotoridi lina hoja nzuri, kwamba kipimo kilekile kinafaa Dar es Salaam ya Februari na Makete ya Julai. Udhaifu wake ni kwamba mtoto hawezi kulifungua mwenyewe. "Ridi" peke yake haimwambii kitu. Halijoto linafunguka mara moja: ni hali, si kiasi. Tena linapokea "nyuzi 5 chini ya sifuri" bila kuchekesha. Kipimajoto kwa haki kingeitwa kipimahalijoto, ila jina hilo ni refu na la zamani limekwisha kukaa vinywani. Muuguzi anayesema joto la mgonjwa ni 39 naye aachwe, maana wodini hakuna anayemwelewa vibaya.

Darasani ni tofauti. Waandishi wa vitabu vya shule watumie halijoto, wataje jotoridi mara moja ili mwanafunzi asipotee akikutana nalo kwingine, na neno joto walihifadhi kwa kile kinachopimwa kwa juli.