Kwa Nini Chanjo ya Surua Hungoja Miezi Tisa?

Kliniki, akina mama huuliza: "Sista, mbona chanjo ya surua haitolewi mtoto akizaliwa, kama ile ya kifua kikuu?" Leo tuangalie jibu lilikotoka.

Mwaka wa 1906, daktari William Hamer wa London alichunguza kwa nini surua ilirudi mjini karibu kila baada ya miaka miwili. Alieleza kwa hesabu: ugonjwa huenea kulingana na idadi ya wagonjwa na idadi ya wasio na kinga. Wengi wakishaugua, surua hupoa. Lakini watoto huendelea kuzaliwa, na hao ni kama kuni mpya. Zikirundikana, cheche moja inatosha.

Chanjo ilipopatikana mwaka wa 1963, swali likawa: itolewe lini? Mtoto huzaliwa na kinga ya mama yake. Ukimchanja mapema mno, kinga hiyo huizuia chanjo kufanya kazi. Ukichelewa, kinga ya mama huwa imekwisha, na surua humkuta mtoto bila ulinzi. Wizara ya Afya ya Kenya na Shirika la Afya Duniani walichunguza watoto wa hapa Kenya, wakachapisha matokeo mwaka wa 1977. Miezi tisa ikaonekana kuwa wakati wa kufaa.

Hata hivyo, watoto 100 wakichanjwa wakiwa na miezi tisa, karibu 85 ndio hupata kinga. Wale 15 hubaki hatarini. Nayo surua ni kali: mgonjwa mmoja aweza kuambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga. Ili kuizuia, watu 95 kati ya 100 wanahitaji kinga. Ndiyo sababu mwaka wa 2013 Kenya iliongeza chanjo ya pili, ya miezi 18.

Mama, watu wetu hawakai mahali pamoja. Wavuvi huhama kati ya Muhuru na Mbita, wafanyabiashara huvuka mpaka Isebania, wengine huenda Macalder kutafuta dhahabu. Kijiji kilichokuwa salama mwaka jana chaweza kuwa na kuni nyingi mwaka huu.

Kwa hivyo, ukihama, beba kijitabu cha kliniki. Mtoto akifikisha miezi 18, mrudishe. Ikiwa umechelewa, mlete tu. Ukiona homa, upele na macho mekundu, mpeleke kituo cha afya mara moja.