Utambo wa Ndoo, Kishikio cha Seva

Ukucha wa kidole cha shahada cha mkono wangu wa kushoto ulikaa mweusi miezi minne. Ripoti ya tukio ilitaja chanzo kwa maneno matatu, nami nikayasaini bila kubisha: uzembe wa fundi.

Tulikuwa tunahamisha seva usiku, katika ofisi moja Dar es Salaam. Ilikuwa na uzito wa karibu kilo 30, na usoni ilikuwa na vishikio viwili vya kukunja, kushoto na kulia. Nilivifungua vikatoka kwa ulaini, vidole vinne vikaenea sawasawa. Nikaivuta kwenye reli hadi mwisho. Mwenzangu akaibeba kwa nyuma, mkono chini ya bati. Mimi niliendelea kushika palepale. Bawaba ya kushoto ikakatika, kona ya chuma ikanibana kidole kwenye fremu ya kabati, kisha seva ikaenda sakafuni.

"Hivyo si vya kubebea, mdogo wangu," aliniambia dada aliyeongoza zamu, huku akinifunga bandeji. "Ni vya kuvutia tu."

"Nani kasema, dada?"

"Kitabu chake."

Kitabu kilikuwa ndani ya boksi, na boksi lilikuwa stoo.

Mimi nimekulia katika nyumba ya kuchota maji, kwa hiyo kishikio cha kukunja si kitu kigeni kwangu. Waya wa ndoo una jina lake la zamani: utambo. Ukiinua ndoo utambo husimama, ukiitua hulala pembeni, na kifuniko kikafungika. Katikati una kibomba cha plastiki. Kikipasuka, waya hukukata kiganja, ndiyo maana kila nyumba ina ndoo moja iliyoviringishwa kitambaa. Lakini utambo haujawahi kunidanganya. Ukisimama, maana yake beba. Niliposhika vishikio vya ile seva, mkono wangu ulisoma lugha hiyohiyo ya ndoo. Nikataka kujua ni wapi lugha hiyo ilipotea njiani.

Kabati la seva ni mtoto wa simu. Vikuza sauti vya kwanza vya simu za masafa marefu Marekani, vya mwaka 1914, viliwekwa kwenye rafu na masanduku ya mbao, kila kimoja kivyake. Mtandao ulipopanuka, kampuni ya AT&T iliweka kipimo kimoja karibu mwaka 1922: paneli za upana wa inchi 19, zinazopanda kwa hatua za inchi 1.75. Vipimo hivyo havijabadilika. Seva nyembamba ya leo bado inakaa ndani ya hatua moja, yaani milimita 44.45. Wahandisi wale walikuwa wanapigania nafasi ukutani. Mkono wa mtu haukuwa kwenye hesabu.

Uliingia kwenye hesabu pale mashine zilipoanza kuharibika mara kwa mara. Kompyuta ya ENIAC, iliyoonyeshwa hadharani Februari 1946, ilikuwa na vali za kioo karibu 18,000, na vali huungua kama balbu. Mwaka 1948 IBM ilitoa kikokotoo cha 604, ambacho kila vali ilikaa pamoja na vipuri vyake katika kipande kimoja cha kuchomeka. Ikiungua, unachomoa kipande, unachomeka kingine. Kuanzia hapo, kutengeneza kompyuta kukawa kazi ya vidole.

Miaka michache baadaye ikawa kazi ya mkono mzima. Mashine ya RAMAC ya mwaka 1956, iliyobeba herufi milioni 5 kwenye diski 50, ilizidi tani moja. Mwaka 1962 ikaja IBM 1311, ambayo diski zake sita zilitoka kama furushi moja la kilo 4.5 hivi, ndani ya kifuniko cha plastiki chenye kishikio juu. Herufi milioni 2 zikawa zinapita koridoni mkononi mwa mtu, kama hotpoti inayopelekwa kwenye shughuli. Tena kishikio kile kilikuwa na kazi mbili: ukikizungusha, kiliachia au kilikamata diski. Hicho kilikuwa cha kubebea kweli.

Kwenye kabati la inchi 19 mambo ni magumu zaidi. Taasisi ya usalama na afya kazini ya Marekani, NIOSH, katika mwongozo wake wa kunyanyua mizigo wa mwaka 1994, inaeleza kishikio bora: urefu usiopungua sentimita 11.5, unene wa sentimita 1.9 hadi 3.8, na nafasi ya vidole ya sentimita 5. Mshiko mbaya hupunguza uzito unaopendekezwa kwa asilimia 10. Sasa piga hesabu. Sentimita 5 haziingii ndani ya 4.4. Ukikitoa kishikio nje, kinagonga mlango wa kabati. Ukikitandaza usoni, unaziba diski na matundu ya hewa, na seva isiyopumua hupata joto.

Ndiyo maana kishikio kikakunjwa. Kikilala hakizibi kitu. Kikisimama kinaupa mkono nafasi. Ila bawaba ndogo inayotosha kuvuta kilo 30 juu ya reli haitoshi kuning'iniza kilo 30 hewani. Kwa macho, zote mbili zinafanana.

Wapo waliolitatua tatizo hili la lugha. Kwenye mitambo ya simu na ya viwandani inayofuata kiwango cha CompactPCI, na baadaye ATCA, kishikio cha kadi ni wenzo: nguvu kidogo ya kidole inasukuma pini nyingi kwa pamoja mahali pake. Ndani yake kuna swichi ndogo. Ukikifungua kidogo tu, programu inapata habari kwamba mtu anataka kuitoa kadi. Inamaliza shughuli zake, kisha taa ya bluu inawaka na kutulia: sasa vuta. Kishikio kinaongea na mashine, mashine inamjibu mtu.

Lakini aliyenifungua macho hakugusa seva hata moja. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, marubani wa ndege za B-17 walikuwa wakishatua salama wanakunja magurudumu badala ya mabapa ya mabawa, na ndege inalala kwa tumbo. Lililaumiwa kosa la rubani. Mwaka 1943 mwanasaikolojia Alphonse Chapanis aliangalia ndani ya chumba cha rubani akakuta vidhibiti viwili vinavyofanana, vimekaa jirani. Kwenye kile cha magurudumu akaweka gurudumu dogo la mpira. Kwenye kile cha mabapa, kipande chenye umbo la kabari. Hakumfundisha rubani upya. Alirekebisha kile ambacho mkono unasoma gizani.

Nilipomaliza kusoma habari hiyo, nilikumbuka sahihi yangu chini ya yale maneno matatu. Sisemi sikuwa na kosa. Kitabu kilikuwepo, na ningeweza kukiomba. Lakini kishikio ni ahadi ambayo mbuni anampa mtu asiyemjua, usiku, mikono ikiwa na jasho. Umbo likisema beba na kitabu kikasema usibebe, mkono utalitii umbo.

Ripoti ile bado ipo kwenye faili, na sikuomba ibadilishwe. Wiki iliyofuata nilinunua mkanda wa njano na kalamu ya wino mzito. Kila kishikio cha aina ile katika chumba chetu kina kipande cha mkanda, nilichoandika kwa herufi kubwa: VUTA. USIBEBE. Dada alipoviona alicheka, akachukua kalamu, akaenda kuandika kabati la pili.